Sauti Fupi Mchangani

Kila alasiri Verediana alipotoka shuleni alikuta mlango umekomewa na chakula chake kimefunikwa mezani. Alikula peke yake, akafua soksi, akamwagilia mchicha nyuma ya nyumba, kisha akakaa kizingitini kutazama watoto wa jirani wakicheza rede. Hawakumfukuza, ila hawakumwita pia. Alikuwa amehamia Ujiji kutoka Simbo baada ya baba yake kufariki na mama yake kwenda kutafuta kazi Mpanda. Darasani, kila alipofungua mdomo, lafudhi yake ya Kiha iliwachekesha wenzake. Mwisho akaacha kuufungua.

Mama mkubwa Agnesi, aliyempokea, naye hakuwa mtu wa maneno. Ujana wake wote uliishia kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita, pembeni ya mashine za kusaga mawe, na kelele zile zilimharibu masikio. Ukimsemesha kwa sauti ya kawaida aliitikia kwa kichwa tu, kumbe hajasikia kitu. Jioni walikula wakitazamana, kila mmoja na mawazo yake.

Siku moja Mama Hidaya alikuja nyumbani kwao. Huyu alikuwa kiongozi wa akina mama wanaoanika dagaa ufukoni, na binti yake Hidaya alisoma darasa moja na Verediana. Ziwa Tanganyika lilipopanda lilikuwa limemeza vibanda vyao pamoja na karakana ya mafundi wa mitumbwi. Sasa maji yalikuwa yamerudi nyuma na kuacha uwanja mpana wa mchanga, mzuri kwa kuanikia. Tatizo lilikuwa misumari ya karakana, ambayo ilibaki imefukiwa humo, na wao hutembea pekupeku kati ya nyavu ili wasiponde samaki.

"Nasikia una ile mashine ya kutafutia dhahabu!" Mama Hidaya alipaza sauti. "Si inatambua hata misumari?"

Mama mkubwa aliinama, akavuta detekta kutoka uvunguni. Ilikuwa na mpini mrefu, sahani ya duara chini, na hedifoni za kuvaa masikioni, zilizofungwa kwa utepe.

"Mashine ninayo, masikio sina," alisema. Halafu akamgeukia Verediana. "Masikio anayo huyu."

Kesho yake walikwenda ufukoni. Mama mkubwa alimvalisha hedifoni na kumwonyesha namna ya kupitisha sahani karibu na mchanga bila kuugusa.

"Haitakuambia huu msumari, hiki kizibo," alimwonya. "Inalia tu. Kazi ya kujua inalia nini ni yako. Kila inapolia, chimba, utazame, ukumbuke ile sauti."

Mwanzoni Verediana alisikia fujo tupu. Baada ya siku kadhaa ile fujo ilianza kugawanyika. Kopo la soda lililia kwa sauti kali na nyembamba. Kizibo kililia kwa sauti ya katikati, kama mtu anayeita bila hamu. Chuma kilikuwa na sauti nzito, yenye kukwaruza. Kitu kilicho juu kilipiga kelele ghafla. Kilichokwenda chini kilisikika kwa mbali, polepole. Ndoo yake ilijaa misumari, vipande vya bati na ndoano za kuvulia.

Aliipenda kazi ile. Akiwa amevaa hedifoni hakusikia vicheko vya mtu yeyote, na hakuna aliyemwona mjinga kwa kunyamaza. Hata hivyo alibaki peke yake. Watoto wenzake walikuwa majini wakiogelea, naye alikwenda na kurudi mchangani, kichwa chini, kivuli chake kikimfuata.

Alasiri ya mwisho jua lilikuwa kali na mabega yalimuuma. Alikuwa amebakiza kipande kidogo karibu na jiwe kubwa. Akapitisha sahani haraka kwenda kulia, na hapo akasikia sauti fupi sana, *tik*, ikakatika. Alipoirudisha sahani hakusikia kitu. Alisimama kidogo. Alitakiwa kurudia taratibu, lakini akina mama walikuwa wameshakaa pale juu wakimsubiri, nyavu zao mabegani. Akasogea mbele.

"Vipi, mwanangu, pasafi?" Mama Hidaya aliuliza.

"Pasafi pote," Verediana akajibu.

Akina mama wakampigia makofi. Hidaya, ambaye hakuwahi kumsemesha, alimtabasamia. Tabasamu hilo Verediana alilala nalo.

Asubuhi ya Jumamosi uwanja uling'aa kwa dagaa. Hidaya alikuwa akiwageuza samaki karibu na jiwe kubwa alipopiga ukelele na kuanguka. Msumari wa kutu, uliosimama wima mchangani, ulikuwa umemwingia kwenye unyayo. Mwanamke mmoja alikimbilia mafuta ya taa ili ammiminie, lakini mama mkubwa Agnesi akamzuia. Walikiosha kidonda kwa maji safi na sabuni, wakamfunga kitambaa safi na kumpakia kwenye bajaji hadi zahanati.

"Mmefanya vizuri kumleta mapema," muuguzi aliwaambia akiandaa sindano ya kuzuia pepopunda. "Mafuta ya taa hayatibu kidonda. Kidonda cha msumari huonekana kidogo juu, kumbe kimekwenda chini."

Walipotoka nje, Mama Hidaya alimshika Verediana bega. "Usijilaumu. Wewe ulisafisha. Bila shaka kuna fundi aliyepita jana akauangusha."

Verediana alitazama chini. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeisikia ile sauti. Angenyamaza, ingeishia hapo, na tabasamu la Hidaya lingebaki lake.

Jioni sahani ya ugali ilikuwa katikati yake na mama mkubwa, naye hajaigusa.

"Mama mkubwa," alianza, "ule msumari niliusikia."

Mama mkubwa aliitikia kwa kichwa, akamega tonge. Hakuwa amesikia.

"Niliusikia!" Verediana alipaza sauti. Nje watoto walikuwa wakicheza rede. Alijua watasikia, na machozi yakamtoka kabla ya maneno. "Ule msumari niliusikia, nikapita! Nilikuwa nimechoka, nikasema pasafi!"

Mchezo ukasimama. Mama mkubwa aliliweka tonge chini, akanawa mikono, akamshika mkono.

"Twende ukamwambie mwenyewe."

Mama Hidaya alisikiliza mlangoni, uso wake ukizidi kukaza. Hakumtukana. Alisema tu, "Nilikuamini," kisha akarudi ndani. Siku ya pili akina mama walikunja nyavu zao na kurudi kwenye kona yao finyu ya zamani. Shuleni sasa hakuna aliyemcheka Verediana. Walimpita kana kwamba kiti chake ni kitupu, na hilo lilimuuma zaidi.

Alimwambia mama mkubwa kwamba hataki tena kuishika mashine.

"Msumari mwingine ukimchoma mtu, nitamwambia hukutaka?" mama mkubwa alimuuliza. Hakungoja jibu. Alimpeleka nyuma ya nyumba, kando ya mchicha, akamwaga mchanga na kumpa misumari kutoka ndoo ile ile. "Ile sauti hukuielewa. Basi izike mwenyewe uisikilize."

Verediana aliulaza msumari mmoja na kuufukia. Ulilia mara mbili, mwanzoni na mwishoni, kama vitu viwili. Kisha akausimamisha wima, ncha ikitazama juu. *Tik*. Sauti fupi, nayo ilisikika tu pale sahani ilipopita juu yake hasa. Akiharakisha, ilimponyoka. Akienda taratibu, kisha akakata njia ile ile kwa upande mwingine, ilirudi mahali pale pale. Aliduwaa. Msumari ulio hatari kuliko yote ndio uliolia kidogo kuliko yote.

Alirudi ufukoni na kuanza upya kutoka ukingo wa kwanza. Kila mstari aliupita taratibu, kisha akaukata kwa mstari mwingine. Hakuna aliyemtuma wala kumsubiri. Siku nyingine aliondoka na msumari mmoja tu kwenye ndoo. Siku nyingine mikono mitupu, mgongo ukimwaka. Alilia mara moja, akajifuta kwa mkono wenye mchanga, akaendelea.

Alasiri moja alihisi mtu nyuma yake. Hidaya alikuwa amesimama, amevaa raba, akichechemea kidogo.

"Inalia vipi?" aliuliza.

Verediana alivua hedifoni akampa, akaipitisha sahani juu ya mahali alipokuwa karibu kuchimba. Hidaya alikunja uso akisikiliza.

"Kafupi hivyo?"

"Kafupi hivyo," Verediana alisema. "Nisamehe."

Hidaya alichuchumaa, akaanza kufukua taratibu kwa kijiti.

Kazi ilipoisha, Mama Hidaya alikuja na wenzake, akiwa hana nyavu mkononi. Mama mkubwa alisimama kando, akimkazia macho Verediana midomoni ili asome atakachosema.

"Haya," Mama Hidaya alisema. "Pasafi?"

"Shikamoo, mama. Kutoka kwenye jiwe hadi kule juu nimepita mara mbili, kila upande. Pasafi." Verediana akaonyesha ukingo wa maji. "Lakini pale kwenye mchanga mweusi sijui. Mashine inapiga kelele mfululizo, siwezi kutofautisha. Pale msianike."

Wanawake wakatazamana. Ukingo ule ndio walioutaka zaidi, kwa kuwa ulikuwa karibu na mitumbwi. Mama Hidaya akavua kandambili zake, akatembea pekupeku hadi katikati ya uwanja, akageuka.

"Siku ile uliniambia pasafi pote, nami nikafurahi," alisema kwa sauti kubwa ili na Agnesi asikie. "Leo umeniambia usichokijua, na hapo ndipo nimepata sababu ya kuliamini lile unalolijua. Ninyi watoto, mnasikia? Kazi isiyokamilika, sema haijakamilika. Anayekutegemea atajua aweke wapi mguu wake."

Akawapungia wenzake walete nyavu. Hidaya aliushika upande mmoja wa wavu wa kwanza, akatazama huku na huku, kisha akaita, "Vere! Njoo ushike huku."

Verediana aliilaza mashine mchangani, akaenda kuushika.