Mzunguko wa Kwanza

Kila Jumamosi, kabla geti la bustani halijafunguliwa, Kinda alikuwa wa kwanza kupanda bembea za minyororo. Baba yake alianza maisha kwa kujenga nyumba za kupangisha. Aliposhauriwa ajenge ghorofa katika kiwanja chake kikubwa, alikataa, akajenga bustani ya michezo. Watu walicheka wakambandika jina la Mzee Bembea, naye akalipokea kwa furaha.

Mzee Bembea alikuwa na sharti moja: mzunguko wa kwanza ni wa mwanawe. Kiti kisichomfaa mtoto wake, alisema, hakimfai mtoto wa mtu. Kwa hiyo Kinda alivuta mkanda wa kila kiti kwa nguvu, akamwambia Fundi, mtunza mitambo wa bustani, ni upi uliolegea, ndipo Fundi akawasha mtambo.

Jumamosi moja viti vilikuwa vimelowa umande, na Kinda alivaa gauni jipya. Uvivu nao hauna haya. Alifuta kiti kimoja, akakaa. Fundi, aliyekuwa akipaka grisi, alimuuliza kama mikanda yote iko salama. Kinda akajibu kwamba yote iko salama.

Kabla ya adhuhuri, mkanda wa kiti cha nyuma ulifyatuka. Mtoto wa darasa la kwanza alianguka, mkono ukavunjika. Baba alimkimbiza hospitali, na aliporudi alimfokea Fundi mbele ya wafanyakazi wote, akamfukuza. Fundi alimtazama Kinda mara moja tu, akakusanya spana zake, akaondoka. Kinda alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku ya pili, wakinywa chai, Kinda alisema:

"Baba, Fundi hana kosa. Mimi sikuivuta mikanda, nikamwambia nimeivuta."

Baba aliweka kikombe chini. Hakufoka, na hilo lilimuuma Kinda kuliko kiboko. Walikwenda pamoja hadi kwa Fundi, wakamkuta mlangoni akiziba pancha ya baiskeli ya jirani. Kinda aliomba msamaha akilia. Baba naye akaomba, akamsihi arudi kazini.

"Wewe mwanangu nimekusamehe, mtoto ni mtoto," Fundi alisema. "Lakini wewe, mzee, bustani ile tuliijenga wote tangu msingi, na hukuniuliza hata swali moja. Sirudi."

Akaendelea kuziba pancha.

Njiani baba alitembea kichwa chini. Mwishowe alisema, "Uongo wako ulikuwa mdogo, mwanangu, lakini ulivunja mkono wa mtoto. Hasira yangu ikamalizia, ikamtupa rafiki yangu. Mtu akikuamini, ameweka maisha yake mkononi mwako. Usimdanganye kwa ajili ya gauni."

Baba alilipia matibabu ya mtoto, akabadilisha mikanda yote na kuajiri fundi mwingine. Jumamosi iliyofuata Kinda aliwahi na kitambaa cha kufutia umande. Alimkuta baba yake amejikunja katika kiti cha kitoto, magoti yakimgusa kidevu, akivuta mkanda.

"Baba, niachie nikague mimi."

Baba akainuka taratibu.

"Kagua," alisema. "Nami nitakagua tena baada yako."