Tai Yenye Joto

Jioni ile nilitumwa Al Quoz kuchukua makoti kwa dobi. Ilikuwa Alhamisi, foleni imesimama, na dereva wa teksi alikuwa ananung'unika kwa lugha yake kana kwamba mimi ndiye niliyeleta magari yote yale Dubai. Nilirudi gatini jua likizama, makoti meusi yamenilalia mkononi, jasho linanitiririka.

Meli tuliyofanyia kazi ilikuwa kuukuu. Zamani ilivuka bahari zote. Mwaka huo wa 2007 ilikuwa imefungwa kamba gatini, imegeuzwa hoteli. Lakini kila Alhamisi ilijifanya bado iko safarini. Kengele inagongwa, muziki wa taratibu unapigwa, wanawake wanashuka ngazi na magauni yanayoburura sakafuni, na hakuna mwanamume anayeingia ukumbi wa chakula bila koti na tai. Tajiri aje na fulana yake kutoka Marina, ataambiwa kwa adabu: bila tai huingii, sir.

Hapo ndipo mkate wangu ulipotoka. Mlangoni pa ukumbi palikuwa na chumba kidogo chenye kabati la makoti na tai nyeusi, za kuwaazima waliokuja bila. Tulikisimamia mimi na mzee Sulaiti, Mzanzibari aliyeishi Dubai miaka mingi. Mtu safi, mkali, mbahili wa maneno.

Tatizo wageni wengi hawajui kufunga tai. Na mimi tai siwezi kumfunga mtu mwingine. Nilijifunzia shuleni kwa masista, Muleba, mbele ya kipande cha kioo, na mikono yangu inajua shingo yangu tu. Bweni zima lilinitegemea. Nilikuwa najifunga mwenyewe, nalegeza, naivua kupitia kichwani, namvika mwenzangu. Dubai nilifanya vivyo hivyo. Fundo langu huegemea kushoto kidogo. Nimejaribu kulinyoosha, nimeshindwa.

"Umechelewa," Sulaiti aliniambia nilipofika. Alikuwa ameshakunja mikono ya kanzu ya kazi, anakwenda kutawadha. "Miye nakwenda kusali. Akija yule mzee, mwambie bila tai huingii. Usimwazime. Wala usimwamkie."

"Nisimwamkie kwa nini?"

"Khalas. Nshakwambia."

Yule mzee nilimjua kwa mbali. Kila Alhamisi, magharibi, alitokea mwisho wa korido. Mwafrika mwenzetu, amevaa koti zuri la mtindo wa zamani, shingo wazi. Sulaiti humwambia maneno yale yale huku ameinamisha macho, na mzee hugeuka akaenda zake. Iliniudhi sana. Mhindi akija bila tai anaazimwa. Mzungu anaazimwa, tena anaitwa sir. Mzee wa nyumbani, anayejua hata kuvaa, anafukuzwa na mtu wa nyumbani. Nilijisemea, huyu Sulaiti amekaa sana Ughaibuni, anawaonea haya watu wake.

Sulaiti alipoondoka, Paskazia alikuja kuchukua tai yake. Alikuwa mhudumu wa ukumbini, na wahudumu nao walivaa tai. Alikuwa mchumba wangu pia. Tulitoka wilaya moja, tukakutana Dubai, na harusi ilikuwa Desemba, Bukoba, padri ameshatutangaza. Sikuwa na kitu kingine duniani nilichokitaka kama mwanamke yule. Nasema wazi, sioni aibu.

Nilijifunga tai yake, nikaivua, akainamisha kichwa nikamvika. Ilikuwa desturi yetu. Akaligusa fundo kwa vidole.

"Bado ina joto lako," akasema, kama alivyosema kila Alhamisi.

"Leo una meza zipi?"

"Za dirishani. Na ile ya watu wawili. Bosi anataka itandikwe kila wiki, na haikaliwi na mtu." Akacheka. "Tutaikalia mimi na wewe."

Akaingia ukumbini. Mlango wa kioo ukajifunga nyuma yake.

Wageni walikuja kwa mkupuo, nikaazima mpaka kabatini ikabaki tai moja. Kisha korido ikawa tupu. Muziki ndani ukashuka...

Nikasikia harufu ya naftalini. Nyuma yake harufu nyingine, ya nguo iliyorowa na kukaukia kwenye chumvi.

Alikuwa amesimama mbele yangu. Sikusikia hatua.

Nifanye nini mimi? Nililelewa. Mzee akisimama mbele yako mdomo unajifungua wenyewe.

"Shikamoo, mzee."

Macho yake yakatua kwenye midomo yangu.

"Marahaba... mwanangu." Sauti ilikuwa ya kunong'ona, yenye mikwaruzo. "Hapa hajaniamkia mtu."

Moyo uliniuma. Nikamwambia akitaka kuingia, imebaki tai moja, nitamwazima, na Sulaiti akikasirika shauri yake.

"Nivishe," akasema. "Nimewavisha wengi. Mimi sijavishwa na mtu."

Nikaichukua tai. Nikajifunga mbele ya kioo cha kabati, fundo likaegemea kushoto. Kiooni nilijiona mimi, na nyuma yangu ukuta. Nikadhani mzee amesogea pembeni. Nikageuka. Alikuwa pale pale.

Mikono yangu ilishaanza kuivua tai. Nilitaka kuirudisha kabatini. Naapa nilitaka. Mikono haikunisikiliza. Ilienda yenyewe mpaka kichwani pake, ikashusha tai, ikakaza fundo chini ya kola yake. Vidole vikagusa ngozi ya shingo.

Ilikuwa baridi, na laini kupita kiasi, kama ya kitu kilichokaa sana majini.

Akafumba macho.

"Bado ina joto lako," akasema.

Akaingia ukumbini. Mlango haukutoa sauti.

Nilitaka kumwita Paskazia. Neno halikutoka. Koo lilikuwa limebanwa, na nilipopeleka mkono shingoni hapakuwa na kitu, shingo tupu, lakini kilichonibana kilizidi kukaza. Nikajiburuta mpaka kwenye kioo cha mlango nikachungulia.

Ile meza ya watu wawili ilikuwa imekaliwa.

Nilikuwa nimeikalia mimi.

Ni mimi kabisa. Uso wangu, masikio yangu, nywele nilizonyoa juzi. Tai nyeusi, fundo limeegemea kushoto. Kilichokuwa si changu ni lile koti la kizamani tu. Paskazia alikuwa amesimama mbele yake, amekumbatia sinia, anacheka kwa kificho jinsi anavyocheka nikimtania kazini. Yule aliyekuwa mimi akamwambia kitu. Paskazia akatazama huku na huku kama bosi hayupo, akaweka sinia chini, akampa mkono.

Wakaelekea mlango wa sitahani.

Nikaingia mbio, nikipiga kikumbo viti. Nilifungua mdomo, hewa tu. Mgeni mmoja aliniletea glasi ya maji, akidhani nimepaliwa. Nilimsukuma. Watu waliovalia vizuri vile walinitazama kwa kuudhika, mimi ninayekufa kwa kukosa pumzi katikati ya meza zao, na muziki haukusimama.

Nje giza lilikuwa limeanza kukolea. Taa za mji ziliwaka upande mmoja, upande wa pili maji meusi. Paskazia alikuwa peke yake penye vyuma vya ukingoni. Mguu mmoja ulikuwa umeshapita upande wa pili. Mkono wake ulikuwa umenyooshwa mbele, umeshikwa na kitu nisichokiona, na uso ulikuwa na furaha. Hiyo ndiyo inayonitesa mpaka leo, ile furaha.

Nilimkumbatia kiunoni nikavuta. Hakusogea. Nilivuta kwa nguvu zangu zote na mwanamke yule mwembamba hakusogea hata kidogo. Macho yangu yalianza kuingia kiza.

Ndipo nikasikia viatu. Sulaiti, ametoka kusali, mikono ya kanzu bado imekunjwa. Hakunigusa mimi. Alimwendea Paskazia, akaivua tai yake kupitia kichwani, akaitupa baharini. Kisha akainamisha macho, akasema kwa adabu, kuelekea mahali patupu:

"Bila tai huingii, sir."

Hewa ikanirudia. Paskazia akaanguka juu yangu, akaniangalia kwa mshangao.

"Ignas," akaniambia, "si tumeshaondoka wote? Mbona umerudi?"

Tulimkalisha kwenye chumba cha makoti, akalala hapo hapo. Nilimshika Sulaiti kanzu, nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akaketi. Alionekana mzee ghafla.

"Ningekwambia ungecheka," akasema. "Nyinyi vijana wa bara mna ubishi. Ami yangu alipanda meli hii ilipokuwa ikitia nanga Unguja. Alikuwamo mtu wa kwetu, kazi yake kuwavisha abiria jioni. Awafunge tai, awapige brashi mabega. Mtu hodari. Siku moja akavaa koti aliloachiwa na abiria, akaenda mlangoni, akaomba naye akae mezani ale. Wakamwambia bila tai huingii. Wakamcheka. Asubuhi hakuonekana."

"Na wewe ukawa unamwambia hivyo hivyo?"

"Ndiyo maneno anayoyatii. Sina mengine." Akajifuta uso. "Unadhani napenda? Kila wiki namfukuza mzee wa watu. Ile tai uliyompa imerudi?"

Nikatazama kabatini. Haikuwepo.

Tuliacha kazi, tukarudi nyumbani, tukafunga ndoa Desemba kama tulivyopanga. Nilioa nimevaa suti ya kuazima yenye kola isiyohitaji tai, watu wakanicheka, nikawaacha wacheke. Paskazia alikuwa mzima. Akipika, akiimba kwaya, akinigombeza. Nilianza kusahau.

Kisha Alhamisi moja, magharibi, nikamkuta chumbani ametandika koti langu kitandani. Amelinyoosha mikono, amelipiga brashi mabega. Amesimama kando yake, kichwa kimeinama, anangoja.

"Unangoja nini?"

"Univishe," akasema, kwa sauti ya mtu aliye usingizini.

Nyumbani kwetu hapana tai. Lakini kwenye komeo la mlango wa nje ilikuwa inaning'inia, nyeusi, inadondosha maji. Nilionja tone moja. Chumvi. Nyumba yetu iko juu ya Ziwa Viktoria, na ziwa letu halina chumvi.

Niliitupa kwenye shimo la choo. Paskazia akatoka akaanza kuteremka kuelekea ziwani, miguu mitupu, akitabasamu, na wanaume wanne wa jirani hawakuweza kumzuia. Nilirudi mbio nyumbani. Tai ilikuwa kwenye komeo. Nikajifunga, nikaivua, nikaitundika pale pale ikiwa na fundo langu. Huko njiani Paskazia akasimama, akaomba arudishwe akalale.

Basi ikawa hivyo. Padri ameomba, amenyunyiza, amechoka. Mganga wa Kamachumu alifika getini, akanusa, akageuza pikipiki, hata hela ya mafuta hakudai. Nilimpigia Sulaiti simu. Alilia. Akasema meli imeuzwa, imevutwa ikakatwe vyuma, hajui mzee sasa anakula wapi.

Kila Alhamisi naivaa, naivua, naitundika. Asubuhi tai haipo, Alhamisi nyingine magharibi imerudi, imerowa, fundo langu bado limo. Sina jingine la kufanya. Ila nimeanza kuona jambo. Kila ikirudi imekaza zaidi. Kitanzi kinakuwa kidogo, na fundo halilegei tena, limekakamaa kama kamba ya ng'ombe. Mwezi uliopita nilikivua kwa shida, kikanichubua masikio.

Jana ilikuwa Alhamisi. Nilikuta tai kwenye komeo, nikajaribu kuipitisha kichwani. Haikupita. Nilivuta kwa meno, nikatia sabuni, nikatia kisu, kisu kikateleza kikanikata kidole. Nikaiacha ikining'inia, nikaingia ndani kutafuta panga.

Niliporudi, Paskazia alikuwa mlangoni. Alikuwa ameitungua mwenyewe. Akainamisha kichwa, akaivaa. Kichwa chake kilipita bila shida, ikamkaa shingoni sawasawa. Akaligusa fundo kwa vidole, akafumba macho, akatabasamu kwa ile furaha ninayoijua.

"Bado ina joto lako," akasema.

Nami sikuwa nimeivaa.