Bucha ya Mulei na Mama wa Panga Mbili

Naapa mbele ya Mungu na mbele ya watu wote wa Ruiru, haya maneno ni ya ukweli yote, na kama kuna neno moja nimeongeza basi huu mkono ukauke saa hii. Kuna watu watakuambia vingine. Hao hawakuwa hapo. Mimi kwa hiyo bucha nilikua naingia kama kwangu, supu nilikua namaliza sufuria mzima nikiwa nimesimama, na kutoka Githurai mpaka Thika hakuna mtu anajua hii story kunishinda. Kwa hivyo tulia.

Hapo Gatongora kulikua na mwanaume anaitwa Mulei. Bucha yake ilikua safi, tiles nyeupe mpaka juu. Na mwili Mungu alimpea: mabega kama mlango ya kanisa, sauti ikitoka kuku za jirani zinaingia ndani zikidhani ni mvua. Ukimwona unasema huyo ni simba. Wapi. Mulei alikua hawezi kuamua kitu. Ukimuuliza chai ama soda, anaangalia chai, anaangalia soda, mpaka chai inapoa na soda inapata joto, halafu anasema leta tu maji. Alikua na shati mbili za Jumapili, na kuna siku alikosa kanisa juu ya hizo shati.

Sasa mtu kama huyo ndio alipendwa na wanawake wawili. Sijui Mungu alikua anafikiria nini.

Wa kwanza ni Kaluki wa Kalimoni, binti ya mzee Nzioki. Alikua analima nyanya na babake, msichana wa maneno machache, lakini hayo machache yanakata. Wa pili ni Mumbi, alikua na saloon huko Kiuu, mcheshi mpaka watu hawana nywele walikua wanaenda kusukwa. Kila mmoja alijua mwenzake yuko. Kila mmoja alikua ameambiwa angoje kidogo.

Mulei akanunua mbuzi tatu za ntheo. Kwa Wakamba hizo ndizo hufunga mambo: mbuzi zikifika kwao msichana, huyo ni bibi yako, zisipofika, mtazaa hata mjaze shule na bado wewe ni mgeni. Wakikuyu, watu wa Mumbi, nao wako na mbuzi zao za kwanza, kwa hivyo alijua popote atapeleka zitapokelewa. Na zilikua mbuzi kweli kweli. Ile beberu ukiiona na mbali unaweza kuisalimia ukidhani ni chifu.

Mbuzi ya ntheo ikishatajwa haikai kwa mwanaume. Inaenda. Mulei akafanya nini? Akapigia Kalimoni simu, akasema naleta Jumamosi. Akapigia Kiuu, akasema naleta Jumamosi. Jumamosi ikafika, akajifungia kwa bucha, akazima simu, akakaa akiangalia mbuzi kwa dirisha ya nyuma. Kalimoni chapati zikakauka. Kiuu mamake Mumbi akakaa na kitambaa yake ya kanisa kwa kichwa mpaka jioni, akingoja mwanaume mzima ambaye alikua amejificha nyuma ya ini na matumbo.

Jumatatu alipofungua, alipata kisu zake mbili zimepishana juu ya gogo ya kukatia nyama.

Yeye huwa anazining'iniza kwa ukuta. Akazirudisha. Akaenda kuosha ndoo, akarudi, zimepishana tena. Akajiambia ni panya. Panya, na hizo ni kisu za kukata mfupa.

Hiyo hiyo asubuhi akafungua marobota ya karatasi za kufungia nyama, ile takataka ya vitabu na magazeti huuzwa kwa kilo, na katikati ikaanguka kadi moja, ngumu. Ilikua na picha: mama amekaa kwa jiwe, nguo nyeupe, macho imefungwa kitambaa, na kifuani ameshika panga mbili ndefu zimepishana. Nyuma yake maji mengi, na mwezi juu.

Cindy, binti ya dadake, anasoma college huko Juja, alikua amepitia kuchukua nyama.

"Uncle, hii umetoa wapi?"

"Kwa karatasi."

"Hii ni tarot. Wazungu wanatabiria nayo. Hii ni ile ya mtu amekataa kuamua."

Mulei akaangalia huyo mama na huruma. "Maskini. Nani alimfunga macho?"

"Hapo ndio unakosea. Angalia vizuri. Hana kamba, hana mlinzi, na ako na panga mbili. Nani atasongelea mtu ako na panga mbili amfunge kitambaa? Amejifunga mwenyewe."

"Ya nini?"

"Asione. Hapo nyuma kuna maji na kwa maji kuna mawe. Akigeuka ataona mahali ni salama na mahali si salama, halafu itabidi achague. Kwa hivyo hageuki."

"Na hizo panga?"

"Uzito ni sawa. Akiweka moja chini amechagua, kwa hivyo anashika zote mpaka mabega inakufa. Anadhani hiyo ni amani." Cindy akachukua nyama yake. "Mvalishe apron, uncle, ni wewe."

Mulei akacheka. Akataka kutupa kadi. Akataka kuiweka. Akaenda mpaka kwa pipa, akarudi. Mwisho akaiingiza chini ya mizani. Hata kutupa karatasi, jamani.

Saa sita mchana stima ikapotea. Friji ikanyamaza, na kwa hiyo kimya Mulei akasikia maji inapiga chini ya tiles, taratibu, kama kitu kikubwa kinapumua. Halafu harufu ikaingia, chumvi na samaki mbichi, na Mulei hajawahi kuuza samaki na Mombasa hajawahi kufika. Inzi zote zikaondoka kwa nyama. Na alipoinua macho kulikua na mama amesimama mbele ya dirisha ya kuuzia, nguo nyeupe imelowa mpaka inadondoka, kitambaa kwa macho kama mtu ametoka kufanyiwa operation, na mikono imekunjwa kifuani.

"Nipimie," akasema pole pole.

"Ya wapi, mama? Mguu ama mbavu?"

"Hiyo swali ni yangu. Mguu ama mbavu?"

Mulei akaona mshale ya mizani imepanda mpaka katikati ikasimama hapo ikitetemeka, na kwa ndoana hakuna nyama. Sauti yake, ile ya kutisha kuku, ikatoka kama ya mtoto wa kipaimara.

"Mimi sijui, mama. Wewe ndio kastoma."

"Kalimoni ama Kiuu?"

Mulei akaanza kupanguza gogo.

"Nimeshika hizi panga muda mrefu," mama akasema, na Mulei akaona kwa nguo yenye imelowa kwamba mikono haikua imekunjwa bure, panga zilikua hapo. "Nimechoka. Nakupea mpaka jua ya Jumamosi izame. Usipochagua, utanishikia."

Stima ikarudi. Mbele ya dirisha hakukua na mtu, ni maji tu kwa simiti, na ilipokauka ikaacha chumvi nyeupe.

Kutoka hiyo siku Mulei akawa anaamka mikono imepishana kifuani, na haifunguki mpaka jua ipande. Na macho ikaanza kuingia ukungu, mstari mweupe kutoka huku mpaka huku, ikishuka kila siku kidogo. Alikata kidole akidhani ni mfupa. Watu wakaanza kununua nyama kwingine.

Mumbi akasikia, akatoka Kiuu akakuja asubuhi na mapema. Akampata amekaa kwa benchi, mikono imefungana.

"Kwani unaringa?" akamuuliza.

Mulei akamwambia yote kwa sikio, akiangalia mizani kama mtu anaogopa itasikia. Mumbi alipomaliza kusikia hakucheka, na huyo ni mtu wa kucheka.

"Kwa hivyo jini amekuuliza ile swali nimekuuliza mwaka mzima. Na yeye ndio unaogopa. Mimi nilikua nikuje na panga?"

"Mumbi, si hivyo."

"Ni hivyo. Sasa nisikie. Ukinichagua, leta mbuzi. Ukinikataa, kuja unikatae ukiniangalia kwa uso, bado ukiwa na macho. Nitalia siku moja niendelee na kazi. Lakini usiniweke kwa benchi na wewe."

Akaenda. Mulei akabaki akifikiria vile Mumbi ni mzuri. Halafu akafikiria vile Kaluki ni mzuri.

Ijumaa akaenda Thika, Makongeni, kwa mama anaitwa Wayua. Huyo mama anauza chakula ya kuku, lakini mambo ya majini anajua kunishinda, na ni wachache wananishinda. Akamnusa Mulei kama vile mtu ananusa maziwa ya jana.

"Hii si jini ya kufukuza," akasema. "Hii ulimuita kwa tabia yako. Kesho shika kamba ya hizo mbuzi na mkono wako. Peleka nyumba moja, sema jina ya huyo msichana. Ile nyumba ingine uambie hapana, na mdomo yako. Yote kabla jua izame. Na kamba isitoke mkononi, umeskia? Usitume mtu. Usiachie kitu kingine kikuamulie."

"Nimeskia, mama." Mulei akafika mlango, akarudi. "Sasa, wewe ungeonelea niende gani?"

Wayua akamwangalia kama mdudu kwa mahindi. "Toka kwa duka yangu."

Jumamosi baada ya lunch Mulei akatoka na mbuzi. Akafika hapo chini, kwa service lane ya Thika Road: ukikunja mkono huu unaenda Juja na Kalimoni, ukikunja ule unaenda Githurai na Kiuu. Akasimama. Jua ikasonga. Ukungu kwa macho ilikua imeacha mwanya kama wa chini ya mlango. Mikono ikaanza kuvutana kifuani yenyewe.

Akafanya kitu mwanaume yeyote wa Ukambani angeona aibu kuota. Akaachilia kamba.

"Mungu aamue," akasema.

Na si Mungu aliamua, ni nyasi. Upande wa Juja mvua ilikua imenyesha. Beberu akaenda, zile zingine zikafuata, na nyuma ya matako ya mbuzi akafuata Mulei na mabega yake yote, mpaka Kalimoni.

Mzee Nzioki alikua kwa lango. Kwanza akaona beberu imeingia kwa sukuma wiki yake. Halafu akaona mwanaume anahema.

"Hizi ni nini?"

"Ni ntheo, mzee."

"Ntheo huletwa," mzee akasema. "Kamba iko wapi?"

Mulei akaangalia mikono yake, tupu. Kaluki akatoka kwa nyanya, matope kwa magoti, akasimama karibu na babake.

"Ulinichagua ama ulifuata?"

"Mbuzi zilikuja huku, Kaluki. Zenyewe. Hiyo ni ishara."

"Zimechagua sukuma ya baba. Mimi hata hazijanisalimia." Akamkaribia, akashusha sauti, maana aliona macho yake vile imekua. Huyo msichana alimpenda, hiyo sitaficha. "Jua bado iko. Okota hiyo kamba. Sema jina yangu moja tu, halafu pigia yule mwingine umwambie. Nitakushika mkono ukisema."

Na alikua anaweza, hapo ndipo nashindwa na huyu mtu, jina ilikua imefika kwa meno, kamba ilikua hapo chini imelala kwa majani karibu na kiatu yake, Kaluki amenyoosha mkono wenye matope, na kitu pekee Mulei alihitaji ni kuinama na kufungua mdomo, lakini akageuza shingo, kidogo tu, akaangalia kule nyuma upande wa Kiuu, kama mtu ameacha kitu kwa jiko, na alipoangalia huko jua ikazama, na hapo katikati ya nyanya, mahali hakuna maji isipokua ya tanki, kukaingia harufu ya chumvi na samaki, na ardhi ikaanza kupigwa na maji kutoka chini, taratibu, na mikono ya Mulei ikapanda yenyewe ikapishana kifuani ikakaza, na wote watatu wakasikia karibu na sikio lake mwanamke akishusha pumzi ndefu, vile mama hushusha ametua debe ya maji kichwani.

Kaluki akarudisha mkono. "Baba, fungulia hizo mbuzi lango," akasema, na akarudi kwa nyanya.

Mbuzi zilirudi zenyewe mpaka Gatongora. Zilikua na akili kumshinda, yeye ilibidi ndugu yake aende kumchukua. Kaluki aliolewa Matuu, kwa kamba inayoonekana. Mumbi amefungua saloon ya pili.

Mulei ako kwa bucha. Ndugu yake ndio anauza siku hizi. Yeye anakaa kwa kiti karibu na gogo, kitambaa kwa macho, zile kisu mbili kifuani, zilipanda hapo zenyewe, na wanaume wanne tukijaribu kuzitoa tulishindwa, na mimi ndio nilikua na nguvu kuliko hao wote. Kitambaa ukifungua unageuka kidogo, unakuta amejifunga tena. Na wewe ukifika hapo, agiza haraka. Kastoma akisimama akianza kufikiria, mguu ama mbavu, mshale ya mizani inapanda katikati bila nyama, chumvi inanuka, na Mulei anafungua mdomo anauliza na sauti ya mwanamke, pole pole:

"Mguu ama mbavu?"

Mimi husema mguu hata kabla sijaingia.

Sasa hii iishie hapa kwako. Usiambie mtu, sana sana mtu bado anajipima pima, na usiseme ni mimi, juu supu bado naenda kunywa huko. Na usianze kukaa ukifikiria kama utasema ama hutasema. Nyamaza tu, saa hii hii.