Aliyeshindwa Ndiye Anayeandika

Kila siku ya shule, kabla jua halijachomoza vizuri, Britta Haugen alikuwa akikunja soksi. Hazikuwa soksi zake. Zilikuwa za vijana wa timu ya mpira ya Chuo cha Tamarack, na mama yake ndiye aliyezifua, pamoja na jezi, taulo na kila kitu ambacho kijana mkubwa anaweza kukichafua kwa matope. Britta, mwenye miaka kumi na miwili, alikunja jozi arobaini, akanywa chokoleti ya moto, kisha akakimbilia basi la shule.

Jumatatu ile soksi hazikukunjika. Jumamosi iliyopita Tamarack walikuwa wamefungwa na Oxbow, chuo cha ng'ambo ya mto, pointi ishirini na nne kwa ishirini na tatu. Mpira wa Kimarekani una mambo mengi. Watu husukumana na kuangushana kwa saa tatu nzima, lakini wakati mwingine yote huishia kwa mtu mmoja, mpira wenye umbo la yai na nguzo mbili. Zilikuwa zimebaki sekunde nne. Mpigaji alikuwa Anders, kaka yake Britta. Angeupitisha mpira katikati ya nguzo, Tamarack wangeshinda. Mpira uligonga nguzo ya kulia, ukarudi uwanjani kama mgeni aliyekosea nyumba.

Na kufungwa na Oxbow si kufungwa tu, maana kuna Ndoo. Ni ndoo kuukuu ya kukamulia maziwa, ya bati, yenye mabonde kila upande, na vyuo hivyo viwili vimeigombania tangu enzi za babu zao. Anayeshindwa huibeba kwa miguu hadi katikati ya daraja siku ya Jumatano, saa kumi alasiri, akamkabidhi mshindi. Lakini kabla ya hapo lazima aandike matokeo juu yake kwa rangi. Aliyeshindwa ndiye anayeandika, na katika timu yake huandika yule aliyeugusa mpira mara ya mwisho. Ndivyo wazee walivyokubaliana.

Mlango wa chumba cha kufulia ukafunguliwa, Anders akaingia na mabega yameinama.

"Umekula?" Mama akauliza.

"Sina njaa."

"Sikukuuliza kama una njaa. Kuna uji wa shayiri pale."

Anders akaketi, akakoroga uji bila kuula. "Kocha Pruitt amenipa brashi na rangi," akasema. "Kesho nitaiandika. Mbele ya timu nzima."

"Utaandika," Mama akasema, "na dunia itaendelea kuzunguka."

Britta alimtazama kaka yake, akasikia hasira ikimpanda. Mwaka mzima Anders alikuwa akipiga mpira mara mia moja kila siku, mvua inyeshe, theluji ianguke. Sasa watu waliokuwa wakila soseji majukwaani walikuwa wakimwita Bwana Nguzo. Na bado aandike mwenyewe?

Ndoo ilikaa kwenye kabati la vioo ukumbini, na kabati lile lilikuwa na ufunguo mmoja. Ulitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kufulia, kwa sababu Mama ndiye aliyesugua vikombe vya ushindi vya timu. Mama alipotoka kupeleka taulo uwanjani na Anders akaenda darasani, Britta akautungua ufunguo, akaitoa Ndoo kabatini na kurudi nayo. Pembeni mwa chumba kulikuwa na mashine mbovu ya kukaushia nguo ambayo hakuna aliyeifungua tangu kiangazi. Akaitumbukiza Ndoo humo, akaifunika kwa blanketi kuukuu, akarudisha ufunguo msumarini. Isipokuwepo Ndoo, alijiambia, hakuna wa kuandika.

Kesho yake habari za kupotea kwa Ndoo zilikuwa zimevuka mto. Ndani ya basi la shule, mvulana aitwaye Wade, ambaye ukoo wake wote ni wa Oxbow, alisimama juu ya kiti.

"Mpira mmepiga nguzo, Ndoo mmeipiga chenga!" akapaza sauti. "Tamarack wameiba ndoo ya maziwa! Kesho wataiba na ng'ombe!"

Basi zima likaangua kicheko. Britta akageukia dirisha. Utamjibu nini mtu anayesema kweli?

Jioni alipofika chumba cha kufulia, alimkuta Bwana Lindquist, msimamizi wa michezo, amesimama katikati ya vikapu vya nguo.

"Bi. Haugen, ufunguo ni mmoja, na unakaa kwako."

"Unakaa kwangu."

"Na aliyetakiwa kuandika ni mwanao."

"Najua mwanangu alitakiwa kufanya nini. Ndoo sijaigusa."

"Watu wanasema Tamarack hawajui kushindwa. Mkuu wa chuo amepigiwa simu mara ishirini. Kesho asubuhi tunakagua vyumba vyote, na tunaanza na hiki. Ikionekana humu, Bi. Haugen, sitaweza kukutetea. Na kazi ndiyo itakuwa imekwisha."

Mama akajinyoosha. Alikuwa mfupi, lakini siku hiyo alionekana kumfikia Bwana Lindquist puani. "Miaka kumi na moja niko hapa, sijapoteza hata soksi moja. Kagueni. Mkimaliza, mnirudishie vikapu vyangu kama vilivyokuwa."

Bwana Lindquist akaondoka. Mama akautungua ufunguo msumarini, akautia kwenye uzi, akauvaa shingoni. Kisha akabeba kikapu cha jezi akatoka.

Msichana akabaki peke yake na mashine mbovu. Alitaka kumkinga kaka yake, kumbe amemchimbia mama yake shimo. Akaitoa Ndoo. Mtoni ni mwendo wa dakika kumi. Angeitupa, maji yangeichukua, na chumba cha Mama kingekaguliwa kikaonekana kitupu. Tayari alikuwa ameanza kuivingirisha kwenye taulo. Ndipo macho yake yakaangukia maandishi.

Miaka yote aliiona Ndoo kupitia kioo, hakuwahi kuisoma. Ilikuwa imejaa namba za rangi, mwandiko huu na ule. Na karibu na kila matokeo, kwa herufi ndogo, aliyeshindwa alikuwa ameongeza neno lake. *Msilale.* Kwingine: *Tope lenu, mvua yetu.* Mmoja wa Oxbow, miaka mingi nyuma, alikuwa ameandika *Tutarudi*, na mstari uliofuata ulionyesha kwamba walirudi kweli. Britta akasoma yote, akizungusha Ndoo mikononi. Alikuwa amedhani ule ni ukuta wa aibu. Kumbe hakuna hata mmoja kati yao aliyeinamisha kichwa.

Akaitupa taulo pembeni. Akaibeba Ndoo wazi mikononi, akapita nayo ukumbini mbele ya kila mtu, hadi kwenye kamba za kuanikia jezi alipokuwa Mama.

"Mama, ni mimi. Nilichukua ufunguo wako. Ilikuwa ndani ya mashine mbovu."

Mama aliitazama Ndoo, akamtazama binti yake.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe wa kwanza."

"Basi vaa koti. Twende kwa kocha, ukaseme mwenyewe."

Katika ofisi ya Kocha Pruitt, Britta alisema yote mbele ya kocha na Bwana Lindquist. Bwana Lindquist alikunja uso, kisha akamgeukia Mama.

"Bi. Haugen, nilikukosea. Naomba radhi."

"Nimeisikia," Mama akasema. Hakusema amesamehe. Hilo lilichukua siku kadhaa.

Kocha Pruitt, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, akamwinamia Britta. "Umeichafua timu mbele ya watu, na mbele ya watu ndipo itakaposafishwa. Kesho utaibeba Ndoo pamoja na kaka yako. Utamwambia nahodha wa Oxbow kwa kinywa chako. Unaweza?"

"Naweza," Britta akasema.

Jumatano mchana Anders aliandika mbele ya timu nzima: 24 kwa 23. Chini yake, kwa herufi ndogo, akaongeza: *Nguzo imesimama. Na sisi tumesimama.* Mtu mmoja nyuma akapiga makofi, kisha wote wakapiga, wakagonga kofia zao ngumu kwenye makabati mpaka Mama akachungulia kuona kama jengo linaanguka.

Darajani upepo ulikuwa wa kukata masikio. Watu wa Oxbow walikuwa wamejaa upande wao, na Wade alikuwa mbele kabisa. Nahodha wao, Tobias, kijana mkubwa kama friji, akapiga hatua mbele. Britta akashika upande mmoja wa mpini, Anders upande mwingine.

"Mimi ndiye niliyeificha," Britta akasema kwa sauti. "Sio mama yangu, sio kaka yangu, wala sio timu. Nilikosea. Samahani."

"Siku za mwizi arobaini!" Wade akapiga kelele.

"Zangu zilikuwa mbili," Britta akamjibu, "na nimejileta mwenyewe!"

Hata watu wa Oxbow walicheka, na safari hii hawakumcheka yeye. Tobias akaisoma Ndoo, akatabasamu. "Mwaka jana niliandika mimi," akamwambia Anders, akimwonyesha mstari wa juu. "Nililia kama mtoto. Mwakani njooni na mpira ulionyooka."

"Wewe iweke karibu na mlango," Anders akasema. "Haitakaa sana kwenu."

Ikabaki mechi moja ya msimu, Jumamosi, dhidi ya Chuo cha Marlow. Wengi mjini walisema hawaendi. Timu imekufa, unaenda mazishi ya nini? Theluji ilianguka tangu asubuhi. Anders akapata nafasi ya kwanza ya kupiga, na mpira ukagonga nguzo. Nguzo ileile ya kulia.

"Bwana Nguzo!" mtu akapaza sauti jukwaani.

Britta akafumba macho. Alipoyafumbua, alimwona Anders akiitazama ile nguzo na kuicheka, kama mtu anayekutana na jirani msumbufu. Kocha akampeleka tena. Ukapita. Akampeleka tena, ukapita. Dakika ya mwisho timu zikiwa sawa, kumi na tatu kwa kumi na tatu, akapiga mara ya nne huku theluji ikimpofusha. Mpira ulipita katikati kabisa, na watu wachache waliokuja walipiga kelele za watu elfu kumi.

Jumatatu Britta alikuwa tena mezani, akikunja soksi. Adhabu yake ilikuwa kuzikunja zote, si jozi arobaini tu, hadi Krismasi. Mama alikuwa akipanga jezi.

"Mama, tungeshindwa Jumamosi, ingekuwaje?"

"Tungerudi kufua. Matope ya kushindwa na ya kushinda yanatoka kwa sabuni ileile." Mama akaweka jezi chini, akamkabili. "Nisikilize, Britta. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kukubali si kupiga magoti. Ni kuliandika kosa lako kwa mkono wako, watu wakiona, kisha ukaenda kufanya mazoezi. Ulipoificha Ndoo ulikuwa mwoga. Ulipoitoa ndipo nilipokutambua kuwa wewe ni binti yangu."

Britta akaendelea kukunja, soksi zikionekana kwa ukungu wa machozi.

Mama akavua uzi shingoni. Akauchomoa ufunguo na kuutundika kwenye msumari wake nyuma ya mlango, pale pale ulipokuwa siku zote, mahali ambapo mkono wa mtoto wa miaka kumi na miwili unafika.

"Haya, kimbia," akasema. "Basi halimsubiri mtu. Na ukimwona Wade, mwambie mwakani anunue brashi."