Nilikalia Kiti cha Rafiki Yangu, Akanikana Mbele ya Mzungu

Wasomaji wenzangu, mimi ni kijana wa miaka kumi na minane, mzaliwa wa Choma, Igunga. Nimesoma mpaka darasa la kumi. Tangu utoto nina aibu iliyopita kiasi... Mgeni akinisalimu, naitikia huku natazama vidole vya miguu yangu. Mambo yangu huyaandika daftarini tu. Haya ninayowasimulia leo sijapata kuyatamka yote kwa kinywa, hata kwa mama yangu mzazi.

Mwaka juzi nilichaguliwa pamoja na Zakaria kuingia shule moja ya mafunzo ya simu za waya, zile za kugonga herufi kwa milio, Tabora mjini. Zakaria ni wa kijijini kwetu. Tulibatizwa siku moja, tukachunga ng'ombe pamoja. Babu yake na babu yangu walikuwa wapagazi katika msafara mmoja, enzi zile watu walipotembea kwa miguu kutoka Ujiji mpaka pwani na pembe za ndovu mabegani. Njiani babu yake alishikwa na homa, na babu yangu akaubeba mzigo wake juu ya wake mwenyewe. Hadithi hiyo tulilelewa nayo. Kwetu husemwa mpagazi hamwachi mwenzake njiani.

Ikumbukeni hadithi hiyo. Ndiyo iliyoniponza!

Tulipanga chumba mtaa wa Cheyo kwa Mama Mwanaidi, mjane mwenye maneno mengi na moyo mweupe. Kila jioni alitukuta tunagonga sahani kwa vijiko, ko-ko, koo, ko...

"Nyie wanangu, sahani zangu zimewakosea nini?" alituuliza. "Au huko Choma ndivyo mnavyouita ugali uje?"

Hatukuwa tunacheza. Miezi ile ya mwanzo shule haikuwa na mitambo. Mwalimu wetu, Bwana Kassim, alituchorea ubaoni nukta na mistari, kila herufi na mlio wake, nasi tukagonga madawati kwa penseli. Betri tuliijua kwa picha. Utajifunzaje kuogelea kwa kuchorewa mto?

Kisha chumba cha mitambo kikafunguliwa... Mungu wangu! Meza ndefu, waya za shaba, betri za vioo, vyuma vya kulehemu, na vidude vya shaba vya kubonyeza ili kupeleka simu. Waya mmoja ulivuka ua mpaka chumba cha pili, huyu apige huku na yule apokee kule, bila kuonana.

Bila kuonana! Mnaelewa maana yake kwa mtu kama mimi? Pale hapakuwa na macho ya kunitazama. Niliweka vidole juu ya ile shaba, na kwa mara ya kwanza maishani nikasema nilichotaka kusema, haraka, bila kigugumizi.

Bwana Kassim alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu bubu wetu, kumbe domo lake liko mkononi!" Akatufundisha kwamba kila mpigaji ana mkono wake, na mzoefu humtambua mtu kwa mkono huo kama unavyomtambua jirani kwa kikohozi kabla hajabisha hodi. Siku ile nilimsikia, lakini sikumsikiliza.

Zakaria alikuwa kinyume changu. Mdomo mwepesi, mkono mzito. Alipenda kuwaeleza wageni habari za mitambo kuliko kukaa nayo. Mazoezi aliniachia mimi.

Juma la mtihani ndipo balaa lilipoanza. Tulikuwa tunalehemu nyaya, na vijana wa mwaka wa kwanza walikuwa dirishani wakitutazama. Zakaria akaanza kukizungusha chuma cha moto kama fimbo ya mcheza ngoma. Kikamponyoka... akakidaka! Kiganja cha mkono wa kulia kikatoka malengelenge makubwa. Bwana Kassim hakuwepo. Zakaria akautia mkono mfukoni na kutusihi wote tunyamaze, kwa kuwa sheria ya chumba kile ilikuwa moja tu: achezaye na moto hafanyi mtihani.

Mkaguzi alikuwa Mzungu, naye angekuja kwa treni, atusikilize siku moja tu, kisha aendelee kwenda Kigoma. Atakayefaulu anapewa kazi ya simu. Atakayeshindwa anarudi kwao.

"Mwambie Bwana Kassim ukweli," nilimwambia Zakaria.

"Nimwambie nilikuwa nacheza? Nikafukuzwe kabla Mzungu hajashuka kwenye treni?" Akanisogelea. "Nipigie wewe, ndugu yangu. Chumba kile mtu anaingia peke yake. Nani atakuona?"

Nilikataa. Ndipo akautoa ule mkono mfukoni, akaniwekea mbele ya uso.

"Babu yako alimbebea babu yangu njia nzima. Wewe kunibebea maneno machache tu huwezi? Au uanaume uliishia kwake?"

Nikakubali... Niliona hata fahari, mjinga mimi!

Siku ya mtihani Mzungu na Bwana Kassim walikaa chumba cha kupokelea, wakapiga kengele kuita mmoja mmoja. Aliyemaliza alitakiwa kwenda uwanjani asije akatupa majibu. Mwisho tulibaki wawili tu darasani, Zakaria kisha mimi.

Kengele ya Zakaria ilipolia, nikainuka mimi. Nikaingia, nikafunga mlango, nikaketi. Kwanza mtu alitakiwa kupiga jina lake. Nikapiga jina la rafiki yangu. Nililipiga vizuri, wasomaji, vizuri kuliko nilivyowahi kupiga jina langu mwenyewe! Nikatoka. Zakaria akanikumbatia kwa mkono mmoja.

Kengele yangu ikalia. Nikarudi kwenye kiti kilekile, bado kina joto langu. Nikaanza kupiga jina langu. Sikufika mwisho. Kile kidude kikaanza kulia chenyewe kutoka upande wa pili, polepole, herufi kwa herufi.

Wewe ni nani?

Nikapiga jina langu tena.

Wewe ni nani?

Nikalipiga tena. Kisha nikasikia viti vikisogezwa, na viatu vya Mzungu vikivuka ua.

Tulisimamishwa wote wawili. Bwana Kassim hakunitazama. "Mkono huu naujua," alisema, "na jina la kwanza halikuwa lake."

Mimi nilimtazama Zakaria. Nilijua atasema. Mpagazi hamwachi mwenzake, au sivyo?

"Bwana Mwalimu, mimi sijui lolote," alisema Zakaria, na machozi yakamlengalenga kweli! "Asubuhi niliungua na uji wa moto. Nilikwenda bombani kutia mkono maji. Narudi, nakuta mwenzangu ametoka chumbani. Nadhani alitaka kujaribu kwanza kwa jina langu, ili akikosea, nianguke mimi."

Jamani! Uongo ule aliupata wapi kwa haraka vile?

Mzungu akanigeukia. Kwa Kiswahili chake cha kukatakata akaniuliza kama ni kweli. Nikafungua mdomo... Ulimi ukawa kama jiwe la kusagia. Naapa, laiti angenirudisha kwenye shaba ile na kuniambia nijibu kwa waya, ningemweleza yote bila kukosea hata nukta moja! Lakini alinitazama usoni, nami nikatazama vidole vya miguu yangu. Wakaona ndiyo jibu.

Kisha Mzungu akautazama mkono wa Zakaria na kutikisa kichwa. "Wewe, kwa nini hukusema umeumia? Mimi nitapita hapa tena nikitoka Kigoma. Ungefanya siku ile."

Mnasikia? Neno moja tu lingetosha! Yeye aliogopa kulisema, mimi nikaona haya kumsemea. Zakaria alingojewa mkono upone, akafanya mtihani, akapita chupuchupu. Mimi nilifukuzwa siku ileile.

Mama Mwanaidi alinifungia maandazi, akanishika mabega. "Sema basi, mwanangu! Sema neno, nikakutetee!" Nikayapokea maandazi kwa mikono miwili. Nikapanda lori mpaka Igunga, nikatembea mpaka Choma.

Baba alikuwa anaziba boma la ng'ombe kwa miiba. Nilimwamkia, nikamwambia nimemfanyia Zakaria mtihani wake nyuma ya mlango uliofungwa, basi. Hakuacha kazi yake.

"Babu yako alibeba mzigo wa mwenzake mchana kweupe, mkuu wa msafara anaona," alisema. "Wewe umebeba umefunga mlango. Huko si kubeba."

Maneno hayo yananiuma mpaka leo kuliko kufukuzwa kwenyewe.

Sasa napakia pamba Igunga. Mwezi uliopita tajiri wangu alinituma Tabora kupeleka simu ya waya. Nilipofika karibu na dirisha la ofisi nilisikia mlio ndani, nikamtambua mpigaji kwa mkono wake kabla sijamwona... haraka zisizo na sababu, mistari mifupi mno. Akainua macho. Kovu la kiganja lilikuwa linang'aa.

"Karibu, bwana," alisema. "Ujumbe unakwenda wapi?"

Bwana! Mtu niliyebatizwa naye!

Nilimpa karatasi ya tajiri. Akapiga, akakosea, akarudia. Vidole vyangu vilikuwa vinapiga juu ya ubao wa dirisha, vyenyewe, sawasawa. Aliviona. Akainamisha uso, na mimi nikaondoka bila kusema neno. Hata siku ile!

Vijana wenzangu, hasa nyie wenye haya kama mimi, nawasihi. Rafiki akikuomba umbebee mzigo, mbebee watu wakiona. Akikuambia ufunge mlango kwanza, mkimbie, hata kama babu yako alimbebea babu yake njia nzima. Na mkiulizwa ninyi ni nani, inueni nyuso zenu mjibu kwa kinywa. Mimi niliulizwa mara mbili kwa waya nikajibu, na mara moja usoni nikanyamaza. Ile moja ndiyo iliyohesabiwa.