Kanga Aliyehama Kiota

"Koko, ndege wangu umemla!"

"Mimi? Nile ndege? Nzembi, una malaria wewe?"

Kamene alikuwa akifagia uwanja, kama kila Jumamosi, sauti hizo mbili zilipogongana juu ya ua wa kayaba. Ya kwanza ilikuwa ya mama yake. Ya pili ilikuwa ya jirani yao Naeku, bibi mzee wa Kimaasai ambaye mtaa mzima ulimwita Koko, yaani nyanya. Huo ulikuwa mwaka wa 1998, Kitengela ikiwa bado na punda milia wengi kuliko maduka, na ugomvi wa majirani ulikuwa sinema ya bure. Tayari jirani mwingine, Mama Muthoni, alikuwa ameitua ndoo yake njiani, akijifanya amechoka.

"Tangu lini Mmaasai wa umri wangu akala kitu chenye manyoya?" Koko aliuliza. "Watanicheka mpaka Mashuuru!"

"Basi yuko wapi? Wiki mbili hajalala kwangu. Labda ni mbwa wako."

"Mbwa wangu hana hata jino, maskini. Kazi yake ni kunywa maziwa."

Mama Muthoni aliangua kicheko. Kamene hakucheka.

Ndege aliyegombaniwa alikuwa Madoa, kanga aliyeanguliwa na kuku wao na kulelewa na Kamene mwenyewe. Madoa alidonoa mchwa kutoka kiganjani mwake na kumfuata hadi langoni kila asubuhi akienda shule. Alipoanza kutaga nyuma ya choo, Mama alionya: "Mayai ya kanga hayaguswi kwa mkono. Yatoe kwa mwiko, na umwachie matatu. Akigundua mkono wa mtu, anahama."

Lakini Kamene alikuwa na haraka ya kumwonyesha rafiki yake Lucy. Aliyazoa mayai yote manane kwa mikono, akayatia kwenye mkoba, na yote yakavunjikia juu ya kitabu cha hesabu. Mama alipouliza kuhusu kiota, alijibu, "Sijakiona." Tangu siku hiyo, Madoa hakurudi.

"Kuanzia leo," Mama alisema sasa, "maziwa yako sitaki, na chumvi yangu usiiombe!"

Kibuyu cha maziwa, ambacho Koko alikileta kila asubuhi tangu Kamene angali mtoto mchanga, kilikuwa bado mkononi mwake. Alivuta shuka lake begani, akageuka polepole kwenda zake.

Kamene alipouona mgongo ule, ufagio ulimponyoka.

"Mama, ni mimi! Nilitoa mayai yote kwa mkono. Halafu nikakudanganya."

Hata Mama Muthoni alisahau kuchoka.

Koko ndiye aliyerudi kwanza. "Na dume wake yuko wapi?"

"Yule pale," Kamene alisema huku akilia. "Anazunguka uani akipiga kelele."

"Miaka hamsini nimechunga mifugo. Dume halii bure; humrudia jike wake. Tumfuate."

Wakamfuata taratibu. Kanga dume alipenya kayaba, akaingia katika zizi kuukuu la ndama la Koko, akasimama kando ya rundo la miiba. Kamene alipiga magoti kuchungulia. Jicho moja dogo lilimtazama kutoka gizani.

"Madoa!" alinong'ona. Alikuwa amelalia mayai kumi na moja. Safari hii Kamene aliificha mikono yake mgongoni.

Mama aliinamisha kichwa. "Koko, nimekuvunjia heshima bure. Nisamehe."

"Hayo yameisha." Koko alimshika Kamene bega. "Mjukuu wangu, umeona? Ukivuruga kiota, kanga anahama. Ukisema uongo, jirani naye anahama, hata kama nyumba yake imebaki palepale. Leo umesema kweli kabla sijafika mlangoni. Usichelewe hivyo tena."

"Sitachelewa, Koko."

"Madoa abaki hapa mpaka aangue. Utakuja kumlisha kila siku, na kunisalimia."

Mama alikipokea kibuyu kwa mikono miwili. "Koko, muthokoi umeiva. Karibu ndani tule. Na wewe Mama Muthoni, weka hiyo ndoo, ingia."

Koko alisimama kizingitini, akanusa. "Hakuna ndege humo?"

"Ni mahindi na maharagwe tu, Koko. Ingia!"