Mtungi Mkubwa wa Peisheng

Ndugu zangu, nimechoka kuisimulia habari hii, ila naona bado hamsikii.

Asubuhi ile kijiji chetu cha wafinyanzi kilikuwa shwari. Tanuri la jirani yangu Luo Guangcai lilikuwa limezimwa, mlango umezibwa kwa matofali, linapoa taratibu kama desturi yetu. Mle ndani mlikuwa na mtungi mkubwa wa mwanawe Peisheng. Mingine yote ilimharibikia mikononi. Huu ndio alioutegemea. Kesho yake fundi mkuu angekuja kuutazama, na ukitoka mzima, angemchukua kijana afanye naye kazi.

Mara akapita Hou, yule mwenye mdomo. "Mzee Luo! Mwanangu birika zake zinauzwa mpaka mjini. Wako bado anachezea udongo?"

Guangcai akainuka, akachukua mtaimbo.

"Baba, usifungue, bado lina moto!" Peisheng alimsihi.

"Wewe kila kitu bado! Kuoa bado, kazi bado. Nife nikingojea bado yako?"

Mama Peisheng akamshika mkono. "Baba Peisheng, wazee walisema chombo kikubwa huchelewa kukamilika. Ngoja kesho tu."

"Wazee hawakuwa na jirani kama Hou."

Akabomoa matofali. Upepo wa baridi ukaingia. Jamani, sisi tuliokulia kwenye matanuri tunaijua sauti ile: ta! Mtungi ukapasuka kuanzia mdomoni hadi kitakoni.

Peisheng hakulia. Alinawa mikono, akaenda kubeba mizigo stesheni, na hadi leo hajagusa udongo. Mtungi uko uani kwao. Mvua ikinyesha baba yake hutoka kuutazama, na maji yote huvuja. Juzi aliniuliza, "Dada, hivi ungekuwa mzuri?"

"Ungekuwa mzuri sana, kaka," nikamjibu. Heri ningenyamaza.

Funzo

Wazazi wenzangu, chombo kikubwa huchelewa kukamilika. Maana yake si kukaa bure ukingojea bahati. Peisheng alifanya kazi yake yote, kilichobaki kilikuwa subira, na subira hiyo ilikuwa ya baba. Mafanikio makubwa huiva polepole. Ukimharakisha mwanao ili kumkomoa jirani, jirani haumii. Anayepasuka ni mwanao. Hou nilimuuliza juzijuzi. Hata hakumbuki alisema nini.